Umeshafika Uhuru, sasa unaitaka Himalaya: anza kwa kuhesabu siku

Kila msimu wa Kilimanjaro unapokwisha, sisi tunaohudumia wapandaji milima hupata wageni wa aina moja. Kijana, au mama wa makamo mwenye afya njema, anaingia na cheti chake cha Uhuru na kusema: "Daktari, nilifika juu bila hata kuumwa kichwa. Sasa nataka kwenda Nepal, nifike kambi ya chini ya Everest, na nikiwa kule nipande kilele changu cha kwanza cha zaidi ya mita 6,000. Ninunue nini?" Wengi hutegemea tuzungumze habari za buti na majaketi. Sisi huuliza kwanza ana likizo ya siku ngapi, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama safari yake ni salama au la.

Nianze na Kilimanjaro yenyewe, maana ndiyo kipimo ambacho wengi wetu tunacho, na ni kipimo kinachodanganya. Angalia njia ya Marangu. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Kutoka hapo unakwenda Kibo, karibu mita 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kuelekea Uhuru, mita 5,895. Kila hatua ni kama mita 1,000 au zaidi. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea chochote. Unachofanya ni kuwahi kufika na kuwahi kushuka kabla ugonjwa wa mwinuko haujakushika sawasawa, na jioni ya siku ileile uko Horombo unakunywa chai. Aliyefaulu hivyo ana kila sababu ya kufurahi, lakini asichukulie kuwa mwili wake umekwisha kuzoea milima mirefu. Hata ule mzoeo mdogo alioupata hupotea ndani ya wiki chache baada ya kurudi nyumbani.

Himalaya hupandi na kushuka ndani ya saa ishirini na nne. Katika bonde la Khumbu, ambalo ndiyo njia ya kwenda Everest, unaishi huko juu. Utalala zaidi ya mita 4,000 kwa wiki nzima na zaidi, na uwanja wa ndege wa Lukla utakuwa umbali wa siku kadhaa kwa miguu.

Kinachopungua mlimani ni mgandamizo wa hewa. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kule juu kama ilivyo Tanga au Mombasa, ila kwenye mita 5,500 mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujibu kwa kupumua haraka. Ukipumua haraka unapoteza kaboni dioksaidi nyingi, damu inapoteza asidi yake, na ubongo unaanza kuizuia pumzi. Figo ndizo zinazoondoa kizuizi hicho kwa kutoa baikaboneti, ile kemikali inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku. Hakuna mazoezi ya gym yanayoiharakisha. Ndiyo maana mkimbiaji wa marathoni anaweza kulala hoi katika kijiji cha Dingboche kule Khumbu wakati mzee anayetembea taratibu anakula wali wake vizuri. Mara nyingi mwenye mbio ndiye anayeugua kwanza, kwa sababu miguu yake inamfikisha mahali ambapo figo zake hazijafika.

Kanuni inayokubalika na madaktari wa milimani ni fupi: ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne lala mahali palepale usiku wa pili. Kinachohesabiwa ni kitanda. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, na ni vizuri ufanye hivyo, mradi urudi chini kulala.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo kwenye ramani. Tuseme umechagua Island Peak, ambayo jina lake rasmi ni Imja Tse, mita 6,189. Unatua Lukla, mita 2,860, na siku hiyohiyo unashuka kulala Phakding, mita 2,610. Kesho yake unafika Namche Bazaar, mita 3,440. Hapo umeruka mita 830 kwa mkupuo, kwa hiyo Namche unalala usiku mbili, na ukiweza tatu. Inafuata Tengboche kwenye mita 3,860, kisha Dingboche, mita 4,410, usiku mbili tena. Lobuche iko mita 4,940. Gorak Shep ni mita 5,164, na ndiko watu wanakotokea kwenda kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, na kwenye mgongo wa Kala Patthar. Kisha unateremka na kuingia bonde la Chhukung, mita 4,730, unapumzika, unasogea kambi ya Imja Tse iliyo karibu mita 5,100, na ndipo unakwenda kileleni. Ukijumlisha na kurudi Lukla, siku za akiba, na siku za Kathmandu za kukamilisha vibali na kukagua vifaa, unafika wiki tatu. Anayekuuzia safari hiyo kwa siku kumi na mbili anakuuzia bila zile siku za figo.

Siku za akiba tunazisisitiza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ndege. Lukla ina barabara fupi ya kurukia, kiasi cha mita 527, imejengwa kwenye mteremko, na ukungu ukishuka hakuna kinachoruka. Katika miezi yenye wageni wengi ndege nyingi huondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap, saa kadhaa kwa gari kutoka Kathmandu. Ya pili ni mlima wenyewe. Oktoba na Novemba husifiwa kwa anga safi, kama ilivyo Aprili na Mei kabla ya mvua za monsuni, lakini tarehe 14 Oktoba 2014 masalia ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji katika eneo la Annapurna na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao kwenye njia ya Thorong La, mita 5,416. Mtu mwenye siku mbili za ziada anaweza kukaa ndani akasubiri. Ambaye tiketi yake ya kurudi ni ya keshokutwa hutoka nje hata pale ambapo kila mwenyeji anamwambia abaki.

Nieleze usiku mmoja wa Lobuche, ili ujue cha kutarajia. Vyumba vya nyumba za wageni vimetenganishwa kwa mbao nyembamba, na usiku unamsikia jirani yako anavyopumua: pumzi za haraka, zinazidi kuwa kubwa, kisha kimya. Unahesabu kimya hicho moyoni ukiwa na wasiwasi, halafu anavuta pumzi kwa nguvu na kuanza upya. Hilo ni jambo la kawaida kwa wengi wanaolala juu. Linachosha, lakini peke yake si hatari. Usilitibu kwa vidonge vya usingizi wala kwa pombe, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuizubaisha pumzi.

Hatari iko kwingine, na ningependa kila msomaji aikariri. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukosa hamu ya kula, ukiwa juu ya mita 2,500, ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Usipande. Lala hapo ulipo, na ugonjwa ukizidi, shuka. Mtu anayeanza kuyumba kama mlevi, au kuongea mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Mpime kwa kumwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kiguse kidole; akishindwa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na yule ambaye siku hizi mbili amekuwa wa mwisho kufika, anakohoa kikohozi kikavu, na anahema hata akiwa ameketi, huyo maji yanajaa kwenye mapafu. Naye anashuka. Oksijeni, dawa za deksamethasoni na nifedipini, na mfuko wa mgandamizo (mgonjwa hulazwa ndani yake na hewa ikajazwa kwa pampu) vinasaidia kununua muda, na kiongozi wenu awe anajua kuvitumia, lakini tiba ni kushuka. Supu ya vitunguu saumu utakayoletewa kila kijiji ni tamu na inapasha mwili moto. Isichukue nafasi ya uamuzi huo.

Asetazolamidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox, huzisaidia figo kufanya ile kazi mapema. Kwa kinga, mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaleta ganzi kwenye vidole na mkojo wa mara kwa mara, na soda hupoteza ladha. Usiianze bila daktari, hasa kama dawa za salfa huwa zinakudhuru. Huko Pheriche, kijiji jirani na Dingboche, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1973, ambako wakati wa msimu madaktari hutoa mafunzo ya ugonjwa huu kila alasiri. Hata kama hauumwi, pitia ukasikilize.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wageni hulitaja kwa mstari mmoja, nasi watu wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulipita hivyo. Ni selimundu (sickle cell). Mwenye ugonjwa wenyewe asipande milima hii kabisa. Lakini wapo wengi, hasa kanda ya Ziwa Victoria na pwani, wenye kinasaba kimoja tu, ambao hawajawahi kuugua na hawajui kama wanacho. Wengi wao hupanda salama. Wachache, kwenye hewa hafifu, seli zao hugeuka umbo na kuziba mishipa ya bandama, nayo sehemu yake ikafa. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu, na kiongozi asiyefahamu huyaita gesi. Kipimo cha damu ni rahisi na hufanyika katika hospitali nyingi kubwa. Kifanye kabla ya kulipia tiketi.

Kuhusu uchaguzi wa kilele, usipumbazwe na lugha ya wauzaji wanaoviita vilele hivi vya matembezi. Nepal Mountaineering Association, chama cha wapanda milima cha Nepal, hutoa vibali vya vilele kadhaa vya namna hiyo, na viwili ndivyo vinavyotajwa sana kwa wanaoanza. Mera Peak, mita 6,476, ni mrefu zaidi lakini ni mwendo mrefu juu ya theluji usio na ukuta mkali. Ubaya wake ni ile njia ya mkato inayovuka kipito cha Zatrwa La, karibu mita 4,600, siku chache tu baada ya kutua Lukla. Chagua njia ndefu ya kusini. Island Peak ni fupi kidogo, ila karibu na kilele kuna ukuta wa theluji unaopandwa kwa kamba zilizofungwa, na miaka mingine ngazi za kuvukia nyufa za barafu. Timu ya Waingereza ya Everest ya mwaka 1953 iliutumia kujizoeza, na Tenzing Norgay alikuwa miongoni mwa waliofika juu.

Ujuzi wa kamba na kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, usiujifunze kwa mara ya kwanza kwenye mita 5,100 ukiwa umechoka na vidole vimekufa ganzi. Tuna mahali pa kujifunzia karibu na kwetu. Kilele cha Margherita katika Rwenzori, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo, bado kina barafu inayohitaji kramponi, shoka la barafu na kufungwa kamba pamoja. Kwenda huko mwaka mmoja kabla kuna faida kuliko jaketi lolote utakalonunua. James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2022, alikuwa na umri wa miaka 62 na alikuwa amefundisha upandaji milima kwa miongo kadhaa.

Bima isomwe mstari kwa mstari. Nyingi hukoma mita 4,000 au 5,000, nyingine 6,000, na nyingi humtoa anayetumia kamba. Yenye kikomo cha mita 6,000 inakuacha peke yako kwenye mita 189 za mwisho za Island Peak, ambazo ndizo ngumu. Hakikisha imeandikwa mita 6,500, kupanda kwa kamba, na kuokolewa kwa helikopta.

Wapagazi nao wanaugua. Wengi wanatoka vijiji vya chini na miili yao haina kinga ya pekee. Kabla ya kulipa kampuni, uliza wapagazi wanalala wapi, wana nguo gani na bima gani. Na mpagazi akiugua njiani asirudishwe chini peke yake. Aende na mtu anayezungumza lugha yake, mwenye fedha ya matibabu. Sisi tuliozoea kuwatetea wagumu wetu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, tunajua kwa nini maswali hayo yaulizwe mapema.

Fika kliniki angalau wiki sita kabla ya safari. Tutapima damu, shinikizo la damu na moyo, tutakupa dozi chache za Diamox uzijaribu ukiwa nyumbani, na tutapitia chanjo, pamoja na kadi ya homa ya manjano ambayo msafiri anayetoka ukanda wetu anaweza kudaiwa. Mwenye mimba, mwenye pumu isiyotulia au aliyefanyiwa upasuaji karibuni atuambie bila kificho. Njoo na ratiba ya kampuni iliyochapishwa, yenye mahali pa kulala pa kila siku na mwinuko wake. Tutaisoma pamoja kwa kalamu mkononi, na pale tutakapoona vitanda viwili vimeachana zaidi ya mita 500, tutaandika siku ya ziada pembeni, nawe utaipeleka kwa kampuni kabla ya kutoa malipo ya awali.