Ndugu wa Rangi Nyingine Kwenye Orodha Yako ya DNA

Mmarekani Mweusi akipima DNA na kufungua orodha ya ndugu aliotafutiwa na maabara, swali la kwanza analoniletea mara nyingi halihusu Afrika. Linahusu Wazungu. Wamejaa kwenye orodha, majina yao hayajui, mmoja yuko Virginia, mwingine Georgia, na wote wameandikwa kuwa binamu wa daraja la tatu (vilembwe wa mume na mke walewale) au la nne (watoto wa vilembwe hao). Upande wa pili yuko Mzungu aliyepima ili ajue kama kweli ana asili ya Ireland, naye anakuta sura nyeusi kati ya ndugu zake, anadhani sampuli yake imechanganywa na ya mtu mwingine.

Haijachanganywa. Kazi yangu ni kufuatilia nasaba za familia za kusini mwa Marekani, na kwa eneo hilo cha kushangaza kingekuwa kukuta orodha ya rangi moja tupu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia data za wateja wa 23andMe, kampuni ya kupima DNA, ulikadiria kwamba Mmarekani Mweusi kwa wastani ana asilimia 24 ya asili ya Ulaya. Watafiti walipolinganisha kromosomu X (kati ya nyuzi zinazobeba DNA, ndiyo ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja) na kromosomu nyingine, waliona mchango huo haukutoka kwa wanaume na wanawake kwa usawa. Kwa makadirio yao, asilimia 19 hivi ya wahenga wa Wamarekani Weusi walikuwa wanaume wa Kizungu, na asilimia 5 tu wanawake wa Kizungu. Utafiti huohuo ulikuta kwamba katika majimbo ya Carolina Kusini na Louisiana, asilimia 12 hivi ya wanaojitambulisha kuwa Wazungu wana angalau asilimia 1 ya asili ya Afrika. Mto ulitiririka pande zote mbili.

Wakiniuliza takwimu hizo zina maana gani, najibu bila kuzunguka. Wengi wa wanaume hao waliishi enzi za utumwa. Walikuwa mabwana, wana wa mabwana au wasimamizi wa mashamba, na wanawake waliozaa nao walikuwa mali kisheria. Mwanamke asiyeruhusiwa kukataa hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali. Familia nyingi, nyeupe kwa nyeusi, zimerithi hadithi ya mapenzi ya siri. Naisikiliza, naiandika pembeni, kisha naanza utafiti kana kwamba sikuisikia.

Tatizo kubwa la utafiti wenyewe lilitungwa na sheria. Mwaka 1662 Virginia ilipitisha kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Desturi ya Uingereza ilikuwa kumfuatisha mtoto kwa baba. Hapa wakageuza makusudi. Tangu hapo bwana akizaa na mtumwa wake, hapati mrithi, anapata mali ya ziada, na karani hana sababu yoyote ya kuandika jina la baba. Ndiyo maana tunakuta kurasa na kurasa za watoto wenye mama tu, au wasio na hata huyo.

Sheria hiyo pia ilizaa undugu ambao ukiueleza mezani watu wanakuomba urudie. John Wayles wa Virginia alipofariki mwaka 1773, binti yake Martha, mke wa Thomas Jefferson aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, alirithi watumwa wake. Miongoni mwao walikuwamo watoto ambao Wayles alizaa na mtumwa wake Elizabeth Hemings. Kwa maneno mengine, Martha alirithi ndugu zake wa baba mmoja. Mdogo kabisa kati yao, Sally Hemings, ndiye aliyekuja kumzalia Jefferson watoto baada ya Martha kufariki.

Kesi ya Hemings naitumia kila ninapofundisha, kwa sababu inaonyesha DNA inafika wapi na inakomea wapi. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1998 kilikuwa cha kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kubadilika sana. Jefferson hakuacha mwana wa ndoa aliyeishi, kwa hiyo wanasayansi walichukua sampuli za wazao wa Field Jefferson, baba yake mdogo au mkubwa kwa hesabu zetu, wakazilinganisha na ya mzao wa Eston Hemings, mwana wa Sally. Zililingana. Hazikulingana na za akina Carr, wapwa wa Jefferson, ambao kwa miaka mingi ndio waliotwishwa lawama na wajukuu wake Wazungu.

Lakini kromosomu hiyo inasema tu "mwanamume wa ukoo wa Jefferson". Haimtaji Thomas. Aliyemtaja ni Madison Hemings, mwana mwingine wa Sally, katika maelezo aliyoyatoa kwa gazeti moja la Ohio mwaka 1873, na pia makaratasi ya Jefferson mwenyewe, yanayoonyesha kwamba alikuwa nyumbani Monticello, shamba lake la Virginia, kila wakati Sally aliposhika mimba. Mwaka 2000 taasisi inayoendesha Monticello ilikubali kwamba kwa uwezekano mkubwa ndiye baba. Miaka miwili baadaye chama cha wazao wa ndoa, wenye makaburi ya ukoo mahali hapohapo, kilipiga kura kuwakatalia wazao wa Hemings uanachama. Maabara haina kipimo cha kulainisha hilo.

Turudi kwenye orodha yako. Kipimo ambacho watu wengi hununua si cha Y, bali cha kromosomu zile 22 tunazorithi kwa baba na mama. Ukubwa wa vipande mnavyochangia huhesabiwa kwa sentimogani. Chukua mwanamume aliyezaliwa miaka ya 1810, akazaa na mkewe, akazaa pia na mwanamke aliyemmiliki. Vilembwe wawili wa mtu huyo, mmoja wa kila upande, ni binamu wa daraja la tatu, ila wa nusu, maana wanachangia babu mmoja tu na si babu na bibi. Binamu kamili wa daraja hilo huwa na wastani wa sentimogani 70 hivi. Wa nusu wana pungufu sana. Kompyuta haijui habari za nusu, inaona kiasi kidogo na kumtupa ndugu huyo daraja la nne au mbali zaidi. Watu wengi wanamruka kwa sababu hiyo.

Tena bahati ina sehemu yake. Hata kati ya binamu kamili wa daraja la tatu, kama mmoja katika kumi hachangii kipande chochote kinachoonekana, na kwenye daraja la nne ni karibu nusu yao. Asiyetokea kwenye orodha hajathibitishwa kuwa si ndugu. Ndiyo sababu nasisitiza apimwe mzee kuliko wote aliye hai na anayeridhia: bibi, mjomba wa mama, shangazi mkubwa. Kizazi kimoja kikiruka, nusu ya ushahidi imekwenda nacho.

Ndugu mmoja wa Kizungu hathibitishi kitu. Natafuta kundi: watu kadhaa wanaolingana nawe na wanaolingana wao kwa wao, na miti yao ya ukoo inakutana kwa mume na mke fulani. Hapo ndipo kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Kama babu yako ni yule mume, utalingana na ndugu wa upande wa baba yake na wa upande wa mama yake pia, lakini ndugu za mkewe hutawaona. Kutokuwepo kwa ukoo wa mke, huku ukoo wa mume ukijaa pande zote mbili, kunasema mengi. Bado utabaki na mume, kaka zake na pengine wanawe wakubwa, na kuwachambua hao kunahitaji karatasi.

Na karatasi zinagonga ukuta wa 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuandika majina ya Waafrika-Wamarekani wengi. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4, lakini kwenye orodha zao karani aliandika jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi: B kwa mweusi, M kwa chotara. Jina la mtumwa, karibu kote, hakuna. Ukitaka kuvuka ukuta lazima umjue mmiliki, maana majina yamo kwenye makaratasi yake: wosia, hati za mauzo, daftari za shamba, na orodha ya mali iliyoandikwa bwana alipofariki, ambamo mwanamke na mtoto wake wanakaa kati ya ng'ombe na vyombo vya nyumbani, kila mmoja na bei yake kwa dola. Daftari za Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, nazo ni hazina, kwani nyingi zina majina ya wazazi na ndugu wa mteja, na za mwanzoni wakati mwingine hata jina la bwana wa zamani.

Usimtafute mmiliki kwa jina la ukoo peke yake. Wapo waliochukua jina la bwana wa mwisho, wapo waliobaki na la bwana wa kwanza aliyemmiliki babu yao, na wapo waliochagua lao. Mimi huanza na majirani wa 1870, hasa Mzungu mwenye ardhi kubwa ukurasa uleule au unaofuata.

Kosa jingine ni kudhani kila undugu huu una babu Mzungu mwenye shamba. Eston Hemings alihamia Madison, Wisconsin, akabadilisha jina kuwa Jefferson, na familia yake ikaishi kama Wazungu; mwanawe alikuwa kanali katika jeshi la Kaskazini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Familia za aina hiyo ni nyingi, na kilembwe wao wa leo anayejiita Mzungu amekuja kwenye orodha yako kupitia bibi wa Kiafrika. Halafu kuna karne ya 17. Mwaka 2012 watafiti wa Ancestry, kampuni ya nasaba, walitangaza kwamba Barack Obama, kwa uwezekano mkubwa, ni mzao wa John Punch, Mwafrika aliyehukumiwa Virginia mwaka 1640 kutumika maisha yake yote. Njia yenyewe haikupita kwa baba wa Kenya. Ilipita kwa mama Mzungu kutoka Kansas.

Kuna familia ambazo hazikuhitaji maabara, kwa sababu zilijua siku zote. Pauli Murray, mwanasheria na baadaye kasisi, alilelewa na bibi yake Cornelia, aliyejua vizuri kwamba baba yake ni Sidney Smith, Mzungu wa North Carolina. Aliyemlea Cornelia ni Mary Ruffin Smith, dada wa Sidney, yaani shangazi yake wa damu na mmiliki wake kwa wakati mmoja. Mwaka 1854 Cornelia alibatizwa katika kanisa la Chapel of the Cross, Chapel Hill, akaandikwa kama mtumishi wa Miss Smith. Mwaka 1977 Murray aliadhimisha Ekaristi yake ya kwanza kama kasisi humo humo. Ninachokiona katika kesi nyingi kinafanana na hiyo: upande mweusi umehifadhi jina kwa mdomo, upande mweupe umehifadhi karatasi kwenye kabati, na kila upande unadhani mwenzake hana kitu.

Kwa hiyo mawasiliano ni sehemu ya utafiti, si jambo la baadaye. Tangu 2006 kuna shirika la Coming to the Table, lililoanzia Chuo Kikuu cha Eastern Mennonite huko Virginia, linalowakutanisha wazao wa waliomiliki na wazao wa waliomilikiwa, na likiwa karibu nawe litakusaidia. Mimi nashauri ujumbe wa kwanza uwe mfupi: tunalingana kwa kiasi hiki, nadhani tunakutana kwenye ukoo huu wa kaunti hii, je, una mti wa ukoo au nyaraka za familia? Swali la nani alimtenda nini nani usilitangulize. Si kwamba ni swali la kuonewa aibu. Linataka watu wawili ambao tayari wamejibizana mara kadhaa. Asipojibu, mwandikie binamu yake. Kwenye koo hizi yupo mmoja anayependa historia, na mara nyingi ni mama mstaafu ambaye amekuwa akingoja mtu amuulize.

Nawe Mzungu uliyepata ujumbe huo, kurasa mbili za kuomba radhi kwa niaba ya babu zinaweza kusubiri. Fungua kabati. Kama kuna Biblia ya familia yenye majina ya "watumishi" na tarehe zao za kuzaliwa, piga picha kila ukurasa wenye mwandiko, hata ule unaoonekana hauna maana, wala usingoje kumuuliza aliyeirithi kama mambo haya yaendelee kufichwa. Piga picha pia ukurasa wa mbele wenye mwaka wa kuchapishwa. Tarehe zilizotangulia mwaka huo ziliandikwa baadaye, kwa kukumbuka au kwa kunakili, na mimi nazipa uzito tofauti na zile zilizoandikwa wiki mtoto alipozaliwa.