Gharama ya umiliki: gari la umeme na la mafuta kwa mkazi wa Mbeya

Gharama ya umiliki ni jumla ya fedha zote ambazo chombo cha moto humtoa mwenye nacho tangu siku anapokinunua hadi siku anapokiuza, ukiondoa kile anachorudishiwa siku ya kukiuza. Ndani yake mna bei ya kununulia pamoja na ushuru, mafuta au umeme, matengenezo, matairi, bima, na jambo ambalo wengi hawalihesabu kabisa, yaani thamani inayopungua hata gari likiwa limeegeshwa uani. Jumla hiyo ikigawanywa kwa kilometa zilizotembewa, hupatikana shilingi kwa kila kilometa, na hapo ndipo gari la umeme na la mafuta huweza kuwekwa kwenye mzani mmoja.

Mabishano mengi ya vijiweni, Mwanjelwa hata Uyole, huishia kwenye kipande kimoja tu cha hesabu hiyo: sheli dhidi ya luku, yaani petroli ya kituoni dhidi ya umeme wa kulipia kabla. Kipande hicho kweli kinapendelea umeme. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Mbeya huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta husafirishwa kwa malori zaidi ya kilometa 800 kabla ya kufika kwetu. Tuchukue, kwa urahisi wa hesabu, petroli ya shilingi 3,000 kwa lita na gari dogo linalotembea kilometa 12 kwa lita: kila kilometa inakula shilingi 250. Gari la umeme la ukubwa huo hutumia takriban uniti moja (kilowati-saa moja) kwa kilometa tano, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji; kwa uniti ya shilingi 350 hivi, kilometa moja ni shilingi 70. Tofauti ni shilingi 180.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari, ilhali hesabu yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Ikiwa gari la umeme limemgharimu mnunuzi shilingi milioni 10 zaidi ya lile la petroli, atahitaji kutembea kilometa zipatazo 55,500 ili nyongeza hiyo irudi. Mtumishi anayekwenda kazini na kurudi kwa kilometa 20, siku 25 za mwezi, hutembea kilometa 6,000 kwa mwaka, hivyo atasubiri miaka tisa na ushee. Dereva wa teksi anayezunguka kilometa 150 kwa siku, siku 26 za mwezi, atazirudisha kwa miezi 14 au 15. Gari ni lile lile na umeme ni ule ule. Kinachotofautiana ni kilometa. Kwa sababu hiyo naona bodaboda na bajaji, vyombo visivyolala, vina sababu nzuri zaidi ya kuhamia kwenye umeme kuliko gari la familia linalotoka Jumapili kwenda kanisani.

Luku nayo ina mtego wake. Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei ya chini sana, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Yule mtumishi wa kilometa 500 kwa mwezi anahitaji uniti 100 kwa ajili ya gari peke yake. Atatoka kwenye kundi hilo, na uniti za taa, friji na pasi ambazo alizoea kuzinunua kwa bei rahisi zitapanda pamoja na zile za gari. Nyongeza hiyo ni gharama ya gari, hata kama inaonekana kwenye mita ya nyumba.

Upande wa mafuta una kodi ambayo mwenye gari la umeme haigusi. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, hivyo anayejaza tangi ndiye anayeilipa. Anayechaji nyumbani amepona, ingawa nisingemshauri mtu apige hesabu ya miaka kumi akiamini kwamba nafuu hiyo haitaguswa.

Milima yetu inaingia kwenye hesabu kwa namna mbili. Mbeya mjini ni takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza kiasi cha asilimia 15 ya nguvu zake. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haijali. Pili, gari la umeme likiteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Gari la tani moja na nusu likipanda meta 1,000 linahitaji uniti nne hivi za ziada kwa ajili ya mwinuko peke yake, na kwenye mteremko wa kuelekea Tukuyu na Kyela sehemu kubwa ya hizo hurudi, wakati gari la petroli linazigeuza kuwa moto kwenye breki. Ndiyo maana pedi za breki za gari la umeme hudumu zaidi. Halina oili ya injini ya kumwaga, halina plagi wala ekzosi; matairi na bushi, hata hivyo, huisha kama kawaida, na uzito wa betri hauyasaidii.

Linalobaki ni betri, na kwa mnunuzi wa gari lililotumika jambo hili linaweza kupindua yote yaliyotangulia. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, huonyesha afya ya betri kwa vijistari 12 vyembamba pembeni ya kipimo cha chaji. Nilionyeshwa moja jijini Mbeya, ya miaka hiyo ya mwanzo, imeng'arishwa mpaka rangi inamulika, viti vingali na karatasi za nailoni. Muuzaji alinionyesha chaji iliyojaa hadi juu. Nilihesabu vile vijistari vyembamba: vilikuwa tisa, maana yake betri imebakiwa na theluthi mbili hivi ya uwezo wake. Gari lile likiwa jipya lilikadiriwa kwenda kilometa 117 kwa chaji moja. Sasa ni kama 78, na asubuhi ya Julai, baridi ikiwa chini ya nyuzi 10 na hita imewashwa, ni pungufu ya hapo, kwa kuwa hita hiyo hula umeme wa betri badala ya kutumia joto la bure la injini.

Kilometa 78 zinatosha Uyole, Mbalizi na kurudi. Kyela hazifiki. Mwenye gari hilo atakodi jingine kila anapokwenda msibani mbali, au atanunua betri nyingine, na fedha hizo zote ni za safu ile ile ya gharama ya umiliki. Nilimuuliza muuzaji kama bei yake imezingatia vijistari vitatu vilivyopotea. Akaniambia hivyo ni urembo tu wa dashibodi.