Kusawazisha kabureta za pikipiki: bisibisi ije mwisho

Pikipiki ya silinda moja haina habari na somo hili. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ni moja, haina mwenzake wa kulingana naye. Nazungumzia zile za silinda mbili au nne, kila silinda na kabureta yake, ambazo zikisimama injini inatetemeka na ukizipa mwendo inatulia.

Kwa nini itulie? Vilango vya hewa ndani ya kabureta vikikaribia kufungwa, upenyo unaobaki ni mwembamba kama unywele. Kimoja kikizidi mwenzake kidogo tu, silinda yake inapata hewa nyingi mno kuliko jirani. Vilango vikifunguka wazi, tofauti ile ile haionekani tena. Kwa hiyo kusawazisha hakukuongezei spidi ya juu. Fundi anayekuahidi hilo anauza maneno.

Anza na vali. Pima nafasi zake injini ikiwa baridi, kwa sababu vali isiyofunga vizuri inapunguza mfyonzo (nguvu ya silinda kuvuta hewa), na utabaki ukiihangaisha kabureta isiyo na kosa. Kagua mipira inayoshika kabureta kwenye injini: yenye ufa inavuta hewa ya wizi. Nyunyiza maji kidogo pale injini ikiunguruma; mlio ukibadilika, umeupata ufa. Na kabureta chafu haisawazishwi, inasafishwa.

Sasa ipashe injini moto. Tangi likitolewa, tundika chupa ndogo ya petroli mbali na egzosi, na mpira wa mfyonzo unaokwenda kwenye koki ya petroli uuzibe. Kama injini inapozwa kwa upepo, weka feni mbele.

Kwa silinda mbili huhitaji geji ya mfyonzo ya kununua. Chukua mpira mrefu unaoonyesha ndani, utie oili katikati, chomeka ncha moja kwenye tundu la geji (tundu dogo la kupimia mfyonzo, lenye kifuniko) la kila upande. Oili itapanda kuelekea kabureta inayofyonza zaidi. Hapa wengi wanapotea: wanadhani inayofyonza zaidi ndiyo iliyofunguka zaidi. Ni kinyume chake! Kilango kilichobana ndicho chenye mfyonzo mkubwa, kwa hiyo hicho ndicho cha kufungua kwa skrubu ya kusawazisha, au mwenzake afungwe. Uwe tayari kuzima haraka oili ikikimbia. Ikimezwa kidogo utaona moshi tu.

Zikiwa nne kwa mstari, mara nyingi unalinganisha ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, kisha skrubu ya kati inalinganisha jozi hizo mbili. Kila ukizungusha, piga resi kidogo, acha itulie, ndipo usome. Usipofanya hivyo unasoma springi ambayo haijakaa sawa.

Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ni kazi nyingine. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kwa kawaida inaruhusu hewa, na kuikaza kunazidisha petroli. Ikiwa upande wa injini, kuikaza kunapunguza petroli.

Ukimaliza, rudisha vifuniko vyote vya matundu ya geji. Kimoja kikisahaulika, silinda hiyo itaanza kumisi (kukosa kuwaka), na utaanza kulaumu plagi.