Vitabu vya kitubio: maana na matumizi yake

Kitabu cha kitubio ni mwongozo mfupi ambao mapadre wa Ulaya Magharibi waliutumia, tangu karne ya 6, kupima malipizi, yaani adhabu ya kulipia dhambi, ya mtu aliyekuja kuungama. Kabla ya hapo dhambi nzito ilitubiwa hadharani chini ya askofu, tena mara moja tu maishani, hivyo wengi walisubiri hadi wako mahututi. Watawa wa Ireland walizoea kuungamisha faraghani, na mara nyingi kadiri ilivyohitajika. Mmoja wao, Columbanus, aliyefariki mwaka 615, aliifikisha desturi hiyo katika Ufaransa na Italia ya leo.

Malipizi yenyewe yalikuwa hasa mfungo. Kitabu cha Finnian, mtawa wa Ireland, cha karne hiyo ya 6, kinamhukumu mwanaklero (mhudumu wa Kanisa) au mwanamke aliyempotosha mtu kwa uchawi miaka 6: 3 ya mkate na maji kwa kipimo, 3 bila divai wala nyama. Aliyetoa limbwata tu, mwaka 1. Finnian anaiita dhambi ya kutisha, ila anaongeza papo hapo kwamba inaweza kulipiwa kwa toba. Ni muhimu sana kuliona hilo: mchawi hapa anatibiwa, hawindwi.

Mafundisho yaliyokusanywa kwa jina la Theodore, askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza (668–690), yanampa miaka 7 mwanamke aliyemweka bintiye juu ya paa au ndani ya tanuri ili apone homa. Adhabu ni kali, na nyuma yake anaonekana mzazi aliyehangaikia mtoto mgonjwa.

Kwenye ndoa vitabu viligongana. Finnian anakataza kumwacha mke tasa, wala hamruhusu mume kuoa tena mke akiwa hai, hata kama mke huyo amekwenda kuishi na mwanamume mwingine. Theodore anamruhusu mume aliyetorokwa na mke asiyetaka kurudi aoe tena baada ya miaka 5, askofu akikubali. Padre mwenye vitabu viwili angefuata kipi? Sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Chalon, Ufaransa, ya 813 ililalamika kuwa makosa ya vitabu hivyo ni dhahiri na watunzi hawajulikani. Ya Paris, 829, ikaagiza vichomwe. Havikuisha.

Anayevisoma leo asikimbilie kuhitimisha. Katazo la kuweka nadhiri kwenye miti na chemchemi lilinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na maonyo ya namna hiyo yamo tayari katika mahubiri ya Caesarius, askofu wa Arles kusini mwa Ufaransa, aliyefariki mwaka 542. Kulikuta katika nakala ya karne ya 10 kutoka Ujerumani hakutoshi kuthibitisha kwamba wanakijiji wa huko walifanya hivyo.