Je, wajua kwa nini ramani ya jaribio la shamba hupinduka kwenye kompyuta?

Tuseme unalinganisha aina 6 za mahindi katika bloku 4 (makundi ya vipande vya shamba), yaani ploti (vipande) 24. Kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi cha agricolae kinapanga yote kwa amri moja (`aina` ni orodha ya aina hizo 6, `r` ni idadi ya bloku):

`m <- design.rcbd(aina, r=4, serie=2, seed=725)`

Kila bloku inapata aina zote 6, zikiwa zimechanganywa upya, na ploti zinapewa namba 101–106, 201–206 na kuendelea. Namba ya `seed`, inayoanzisha uchanganyaji, iandikwe daftarini. Ukiweka 0, amri ileile itatoa mpango mwingine kila unapoirudia.

Ila hapo umepata jedwali, si ramani. Jedwali husomwa kutoka juu kwenda chini, lakini mhimili wima wa mchoro huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Ukichora kwa desplot, kifurushi cha R cha kuchora ramani za shamba, bila kuelekeza, bloku ya 1 inakaa chini kabisa, na anayeshika karatasi huku amesimama mwanzo wa shamba anaweza kupanda bloku ya 4 mahali pa bloku ya 1. Dawa ni `flip=TRUE`, inayopindua mchoro juu chini:

`d <- m$book`
`d$safu <- rep(1:6, 4)`
`d$mstari <- as.numeric(d$block)`
`desplot(data=d, form=aina~safu*mstari, out1=block, text=aina, flip=TRUE, aspect=20/18)`

Hiyo `aspect` ni urefu wa shamba kwa upana wake: ploti za mita 5 kwa 3, bila kuhesabu njia. Ukiisahau, umbo la ploti kwenye ramani huenda lisilingane na la shambani.

Rangi nazo zina mtego. Ukihifadhi jedwali kwenye faili kisha ukalifungua tena, aina zilizoandikwa 1 hadi 6 zitasomwa kama vipimo, na ramani itatoka na rangi inayobadilika taratibu, kana kwamba aina ya 6 ni "zaidi" ya aina ya 1. Zigeuze kwa `factor()`.

Kosa baya zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho, ni la namba za nyoka, yaani zinazokwenda upande mmoja kisha kurudi. Wapandaji hupenda kumaliza bloku moja na kugeukia hapohapo, kwa hiyo hutumia `zigzag(m)`, ambayo hugeuza namba za bloku za 2 na 4. Ukitafuta safu kutokana na namba ya ploti, aina za bloku hizo zitachorwa kinyumenyume. Ndiyo maana hapo juu safu imetokana na mpangilio wa jedwali. Kabla ya kupiga vigingi, chora ramani kwa jedwali la `zigzag(m)` ikiwa na namba za ploti (`text=plots`), uiangalie: katika mpango wa nyoka, chini ya 106 lazima iwepo 201, chini ya 101, 206.