Una divisheni ya tatu? Anza kuhesabu masomo mawili

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa Dar huuliza swali lilelile: divisheni ya tatu inaingia chuo cha serikali? Divisheni peke yake haijibu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inatazama prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) katika masomo yaliyotajwa na kozi, na jumla yake isipungue pointi 4.0.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu kuna hesabu mbili zinazokwenda kinyume. Baraza la mitihani, NECTA, likipanga divisheni, A ni 1, D ni 4, E ni 5, S (ufaulu mdogo, usio prinsipo) ni 6, na pointi chache ndizo bora. TCU, kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na pointi nyingi ndizo bora. Chukua wahitimu watatu wa HGE (historia, jiografia na uchumi), wote divisheni ya tatu ya pointi 14. Mwenye D, D, S ana 4.0. Mwenye C, E, S naye ana 4.0. Mwenye D, E, E amepata prinsipo zote tatu, lakini mbili zilizo bora zinampa 3.0 tu, na mlango wa moja kwa moja umefungwa. Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao: kwao C ndiyo yenye pointi 2, hivyo wanahitaji walau C mbili.

Ukishapata 4.0, fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, ule wa wahitimu wa kidato cha sita, usome sifa za kozi neno kwa neno. Pointi zako zinaweza kutosha lakini zikawa kwenye masomo ambayo kozi haiyahesabu. Kozi nyingi za biashara na uchumi pia hudai hisabati: kama huna prinsipo ya hisabati ya juu, unatakiwa uwe na S ya BAM, hisabati ya msingi ya kidato cha sita, au ufaulu wa hisabati ya kidato cha nne. F ya hisabati ya miaka miwili nyuma huangusha watu wenye pointi za kutosha kabisa.

Na 4.0 ni kizingiti tu. Kozi ikipata waombaji wengi kuliko nafasi, chuo huchukua kuanzia juu. Udaktari Muhimbili, sheria au uhandisi Mlimani, kwa alama za wastani usivitegemee. Tazama safu ya nafasi kwenye mwongozo, chagua kozi zenye nafasi nyingi na zisizogombewa. Nawasihi wazazi waache kung'ang'ania Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi peke yake. UDOM, SUA na Mzumbe ni vya umma vilevile, na hapahapa jijini IFM, CBE, TIA, NIT na Ustawi wa Jamii ni taasisi za serikali zinazotoa shahada.

Tangu 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Omba vyuo kadhaa katika dirisha la kwanza, maana dirisha la pili hubaki na kozi ambazo hazikujaa. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojaza. Kwa hiyo jaza namba yako mwenyewe, usijaze ya mtu wa stationery. Dirisha la kuthibitisha likifungwa hujathibitisha, umejiweka hatarini kupoteza nafasi. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, ni ombi jingine kabisa, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

Mwenye chini ya 4.0 ana njia mbili nzuri. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi: unaingia na walau pointi 1.5 za masomo mawili, unatoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 katika masomo sita, pamoja na C katika masomo matatu ya fani yako. Nyingine ni stashahada, ambayo prinsipo moja na S moja hutosha kwa kozi nyingi. Ukipata GPA ya 3.0 unaomba shahada kwa mwongozo wa wenye stashahada. Omba namba ya AVN, ya kuhakiki stashahada yako, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, mara tu matokeo ya mwisho yakitoka, kwa sababu bila namba hiyo mfumo wa chuo haukupokei.