Oili ya Giaboksi Ikipungua, Kuna Mahali Imepita

Injini inaweza kula oili. Ringi za pistoni zikichakaa, oili hupenya hadi kwenye chumba cha moto, huungua na kutoka na moshi, na mwenye gari akaongeza lita baada ya lita bila kuona tone hata moja chini ya gari. Shida ni kwamba mazoea hayo huhamishiwa kwenye giaboksi ya otomatiki: kiwango kimeshuka, ongeza, funga boneti, twende. Giaboksi haili oili. Ndani yake hakuna moto wa kuiunguza ikaisha. Oili hutoka kwenye sampu, yaani bakuli la bati lililo chini ya giaboksi, hupita kwenye pampu, valvu, klachi, konveta (chombo cha mviringo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili) na kipoozeo, kisha hurudi ilikotoka. Ikipungua, kuna mahali imepita, na kuongeza bila kutafuta mahali hapo ni kuahirisha matengenezo yatakayokuja na bei kubwa zaidi.

Tunaofundisha ufundi wa magari tunaona makosa mawili yakijirudia: kiwango kupimwa vibaya, na uvujaji kutafutwa pasipo husika. Makala haya ni ya wenye magari ya zamani, yale ambayo giaboksi yake bado ina kijiti cha kupimia na mrija wa kujazia. Magari mengi ya karibuni hayana kijiti. Hupimwa kutoka chini ya gari kwa kufungua kifuniko maalumu oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, na hiyo ni kazi ya karakana.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi. Oili hutanuka ikipata moto. Giaboksi kubwa ya zamani, ukihesabu na konveta, hubeba lita 9 hivi. Oili hiyo ikitoka nyuzi joto 20 za Selsiasi hadi 80, ujazo wake huongezeka kwa takribani asilimia 4, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya lita. Kwenye vijiti vingi, umbali kati ya alama ya kuongeza na alama ya kujaa ni kama nusu lita tu. Kwa hiyo ukipima asubuhi gari likiwa baridi, ukajaza hadi alama ya juu, ukifika mwendo wa nusu saa umeshazidisha. Vijiti vingine vina alama mbili, ya baridi na ya moto. Iamini ya moto. Ya baridi inakusaidia tu kujua kama kuna oili ya kutosha kuliwasha gari.

Kuliacha gari likiunguruma mahali pamoja hakuipashi giaboksi moto inavyotakiwa. Liendeshe dakika 20 au zaidi, kisha liegeshe kwenye ardhi iliyo sawa, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu. Injini ikiendelea kuunguruma, kanyaga breki kwa nguvu na upitishe mkono wa gia kila mahali, R, N, D na gia za chini, ukitulia sekunde chache kila hatua ili oili ijaze njia zote. Rudi P. Sasa vuta kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kivute tena na usome pande zote mbili. Upande mmoja mara nyingi huonyesha juu zaidi kwa sababu kijiti kimekwangua oili iliyoganda ukutani mwa mrija. Kipimo cha kweli ni cha upande unaoonyesha chini zaidi. Rudia mara mbili au tatu. Kitambaa cha kufutia kisiwe cha kutoa nyuzi, kwani uzi mmoja ukiingia unaweza kukwama kwenye valvu zenye nafasi nyembamba kuliko unywele.

Utaratibu huo si wa magari yote. Giaboksi za zamani za TorqueFlite za Chrysler hupimwa mkono wa gia ukiwa N, kwa sababu kwenye P oili haipelekwi kwenye konveta, hivyo kijiti hudanganya. Giaboksi nyingi za Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja au moja na nusu baada ya kuizima. Kitabu cha gari lako kina neno la mwisho hapa, na mara nyingi maelekezo yamechapwa kwenye kijiti chenyewe, ingawa kwa gari la miaka 30 huenda utahitaji miwani na uvumilivu kuyasoma.

Kiwango kikiwa chini, ongeza kwa faneli nyembamba yenye mdomo mrefu, robo lita kwa mara moja, ukipima kila mara. Kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza. Oili ikipanda hadi kufikiwa na gia zinazozunguka, hupigwapigwa kama mayai ikawa povu. Povu ni hewa, na hewa hubonyea; pampu ikisukuma povu, klachi hazipati shinikizo la kuzibana, zinateleza na kuungua. Dalili zake hufanana na za oili kupungua: gari linachelewa kushika gia, linapoteza nguvu kwenye kona au mlimani. Tena povu hutafuta njia ya kutokea, likamwagika kupitia tundu la kupumulia juu ya giaboksi. Mwenye gari anaona oili chini, anadhani inavuja, anaongeza nyingine.

Kabla ya kurudisha kijiti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima ni nyekundu inayopitisha mwanga. Kahawia hafifu ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema klachi zimeumia, na hapo kuziba uvujaji pekee hakutakuokoa. Rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi ni habari mbaya kuliko zote: kipoozeo kilicho ndani ya rejeta kimetoboka na maji yanachanganyika na oili. Maji pamoja na dawa ya rejeta huibandua gundi inayoshikilia tabaka la msuguano kwenye klachi. Usiliendeshe gari hilo hata hadi kona ya jirani.

Sasa tukaitafute njia inayopitia oili. Tandaza kadibodi safi chini ya gari usiku, na asubuhi uone matone yameangukia wapi. Ila matone ni ushahidi dhaifu. Gari likiwa mwendoni upepo husukuma oili nyuma, na ikishafika chini husambaa kote. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni moja: fuata unyevu kwenda juu na kwenda mbele, hadi mahali pa mwisho penye ubichi. Kama giaboksi nzima imefunikwa na vumbi lililoganda na oili, usikisie. Ioshe, iache ikauke, liendeshe gari kwa muda mfupi, kisha uitazame tena. Unga mweupe wa talki ukipulizwa juu ya chuma kikavu huonyesha mstari wa oili mapema kabla haujasambaa. Na kagua kwanza usukani wa pawa. Magari mengi ya zamani hutumia oili hiyo hiyo nyekundu kwenye usukani, na hozi yake ikivuja juu, lawama humwangukia giaboksi aliye chini.

Kuna uvujaji unaowashangaza watu wenye magari yanayotembezwa kwa nadra. Gari liko sawa likiendeshwa kila siku. Likikaa wiki tatu, kuna dimbwi. Konveta hushika lita kadhaa za oili, na valvu zikiwa zimechakaa, oili hiyo hushuka taratibu kwenye sampu. Kiwango ndani ya sampu hupanda juu ya usawa wake wa kawaida hadi kufika kwenye sili (mpira unaozuia oili isitoke kandokando ya shafti) ya shafti ya mkono wa gia, au kwenye ringi ya mpira chini ya mrija wa kijiti, sehemu ambazo gari likifanya kazi hukaa juu ya usawa wa oili. Sili hiyo ni ndogo, na kwenye magari mengi hubadilishwa bila kuishusha giaboksi. Nimeona watu wakibadilisha gasketi ya sampu, ile pedi inayoziba kati ya sampu na giaboksi, mara tatu wakati mkosaji yuko sentimita chache tu juu yake.

Kuna pia oili inayopotea bila kudondosha tone. Giaboksi kadhaa za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, kama Turbo-Hydramatic ya General Motors na C4 na C6 za Ford, zina kifaa kinachoitwa modyuleta, kilichounganishwa na injini kwa mpira unaovuta hewa. Kiwambo cha ndani kikipasuka, injini huinyonya oili ya giaboksi na kuiunguza. Unaona moshi mweupe mzito, na kijiti kinashuka. Chomoa mpira huo kwenye modyuleta: ukikuta oili ndani, umepata jibu. Ni matengenezo ya dakika chache kwenye tatizo ambalo wengi hudhani ni kifo cha injini.

Gasketi ya sampu ndiyo inayobadilishwa zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na mikono yetu wenyewe. Ikitokwa na jasho kidogo, mtu huchukua spana na kukaza boliti kwa nguvu zote. Bati la sampu ni jembamba. Likikazwa hivyo, huvimba kuelekea juu kuzunguka kila tundu la boliti, na kati ya boliti hubaki nafasi. Kadiri unavyokaza ndivyo inavyovuja. Ukiishusha sampu, weka ukingo wake juu ya gogo au pembe ya meza ya chuma, ugonge vimbe hizo taratibu kwa nyundo hadi ukingo unyooke. Safisha nyuso zote mbili, weka gasketi kavu, kaza boliti kwa mkupuo mdogo mdogo ukizunguka, ukimalizia na spana ya kipimo. Giaboksi nyingi hutaka kati ya nyutonimita 10 na 16 tu, nguvu ya kiganja na wala si ya bega. Usipake silikoni. Kinachobanwa kuingia ndani hukatika vipande, na vipande huenda kwenye chujio.

Ukishaifungua sampu, badilisha chujio, na uitazame sumaku iliyo chini. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, au vinavyong'aa rangi ya shaba, vinasema kuna kitu kinasagika ndani.

Sili ya nyuma, pale propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) inapoingilia, hubadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake. Inua nyuma ya gari kwa stendi imara, toa propela, chomoa sili ya zamani, paka mdomo wa mpya oili, uigonge iingie wima. Pitisha ukucha kwenye chuma cha propela kinachozungukia ndani ya sili. Ukucha ukikwama kwenye mfuo, sili mpya haitadumu. Sili ya mbele, iliyo nyuma ya konveta, inahitaji giaboksi ishushwe. Hapo hakikisha kwanza oili ni nyekundu, kwa sababu sili ya nyuma ya krenki ya injini huvujia mahali hapo hapo. Na kama sili ya mbele ilibadilishwa karibuni ikavuja tena, tazama bushi ya pampu, pete ya chuma inayoishikilia shingo ya konveta: ikilika, konveta huyumba na kuipanua sili yoyote utakayoweka.

Dawa za kuziba za chupani hufanya mpira uvimbe na kulainika. Kwa sili iliyokauka na kusinyaa kwa uzee, zinaweza kukununulia muda. Haziwezi kitu kwa bushi iliyolika, bati lililopinda au bomba la kipoozeo lililoota kutu. Mimi ningeitumia kwenye gari ninalotaka kulifikisha karakana, si zaidi.

Oili yenyewe isichaguliwe kwa rangi, maana karibu zote ni nyekundu. General Motors ilitoa vigezo vyake vya oili ya giaboksi vilivyoitwa Type A mwaka 1949, kisha Dexron mwaka 1967. Ford kwa muda mrefu ilitumia Type F, inayofanya klachi zishike haraka zaidi. Ukitia Dexron kwenye giaboksi iliyoundwa kwa Type F, klachi hutelezateleza kabla ya kushika. Dexron ya awali ilikuwa na mafuta ya nyangumi kama kilainishi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipoyapiga marufuku na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala.

Baada ya matengenezo, usitupe ile kadibodi. Kumbuka kwamba kushusha sampu hutoa kama theluthi moja tu ya oili, nyingine imebaki kwenye konveta, hivyo jaza kwa kadiri ya ulichotoa, washa, pitisha gia zote, pima, kisha pima tena baada ya mwendo wa siku ya kwanza. Oili ya zamani ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko uipeleke inakopokelewa. Kadibodi irudishe chini ya gari kwa wiki nzima. Siku moja haitoshi, kwa sababu oili iliyojificha kwenye mikunjo ya chuma huendelea kudondoka hata baada ya tundu kuzibwa.